Mgeni Mpandisheni Mitaani

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kazi ya kuongoza wageni, iliyotolewa ndani ya Ngome ya Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu, na nyinyi wanangu mnaojifunza kazi ya kuongoza wageni, ahsanteni kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze juu ya mahali pa kula, pa kunywa na pa kutembea katika mji wetu wa Amu, yaani Lamu. Wengi wenu nimewasomesha, na wengine mmepita mlangoni kwangu, mtaa wa Langoni, asubuhi kununua mahamri kabla ya kwenda shule. Basi hapa hakuna mgeni, nami nitasema yaliyo moyoni bila kuzunguka.

Lipo jambo linaniuma. Boti inatoka Mokowe au Manda, inafunga gatini, mgeni anashuka na begi lake. Kijana wetu anampokea vizuri, na kwa hilo namsifu, halafu anampitisha barabara ya pwani moja kwa moja mpaka hoteli yenye menyu. Huko analishwa tambi, chipsi na samaki wa kukaanga. Kesho yake anaonyeshwa Makumbusho, anaonyeshwa Ngome hii, anapigwa picha na punda, anapandishwa mashua. Siku ya tatu huyo anakwenda zake, na akifika kwao anasema ameiona Lamu. Mtaa wa Mkomani hajaupanda, Langoni hajaingia, mtaa wa Gardeni hajui hata jina lake. Ameuona ubavu mmoja tu wa mji, ule unaotazama bahari.

Sizikatai hoteli za pwani. Zimeajiri watoto wetu, na upepo wa pale jioni ni mtamu. Ninalolitaka ni mgeni apandishwe juu mitaani, na apandishwe kwa wakati wake. Chakula cha mji huu hufuata saa, na saa zetu hufuata adhana. Ukimwuliza Mwamu wapi kuna mbaazi nzuri, atatazama kwanza jua liko wapi ndipo akujibu. Kijana anayejua hoteli kumi lakini hajui saa atamzungusha mgeni na njaa yake mchana kutwa, na mwisho watarudi pale pale kwenye chipsi.

Twende na siku ilivyo.

Watu wakishatoka msikitini alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Manda, mpelekeni mgeni Langoni. Najua atanung'unika kuamshwa. Mwamsheni. Saa hiyo njia ni baridi, punda wanaanza kupita na mizigo ya mchanga na mawe, na kila baada ya nyumba chache mtasikia mafuta yakilia kwenye karai. Mabango hayapo, msiyatafute. Tafuteni mlango uliofunguliwa nusu, moshi wa makaa, sinia lililofunikwa kawa, na watoto wawili watatu wamesimama na vibakuli mkononi. Hapo ndipo penyewe.

Mwenye kupika mahamri alianza kazi jana usiku. Unga wa ngano ameukanda kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki iliyotwangwa, akaufunika, ukalala. Alfajiri donge limefura. Anakata matonge, anayasukuma duara, kila duara analikata pande nne, analitia mafutani. Hamri huzama kidogo halafu huibuka, na hapo ndipo mkono wa mpishi hujulikana: anachota mafuta ya moto kwa upawa na kulimwagia mgongoni, tena na tena, mpaka linajaa hewa. Lisilojaa huwekwa kando kwa watoto wa nyumbani, halipelekwi kwa mnunuzi. Mfundisheni mgeni alipasue kwa vidole akiwa bado amesimama pale mlangoni. Mvuke utakaompiga usoni una harufu ya nazi na iliki. Ndani liwe tupu, kuta zake nyembamba, pasiwe na unga uliobaki mbichi. Mkiona ndani pamejaa kama mkate wa duka, nendeni mlango wa pili.

Mbaazi nazo zina kazi yake, na mimi sichoki kuieleza kwa sababu naona wasichana wengi siku hizi wanafungua tui la paketi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha hukamuliwa kwenye kifumbu. Maji ya kwanza ndiyo tui zito, hilo huwekwa kando. La pili na la tatu ndilo jepesi, na ndilo mbaazi zilizokwisha kulainika hupikiwa pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili. Tui zito huingia mwisho, moto umepunguzwa, na mkono hauachi kukoroga, maana likichemka ovyo hukatika na juu hubaki mafuta na maji maji. Bakuli la mbaazi zilizopikwa sawasawa huwa na mchuzi unaoshika hamri, hauchuruziki. Mgeni atakula mawili, atataka la tatu. Mpeni. Ikifika saa mbili na nusu masinia mengi yameshakwisha na milango imefungwa, na mwenye kulala mpaka saa tatu atakula mkate wa duka na chai ya mfuko.

Kutoka hapo shukeni sokoni, hapa hapa ubavuni mwa Ngome. Soko letu ni dogo na mgeni anaweza kulimaliza kwa dakika kumi asipokuwa na mtu wa kumwonyesha. Mwonyesheni samaki kwa majina: changu, tewa, tafi, kolekole, nguru, papa. Mwambieni yupi ni wa kupaka na yupi ni wa mchuzi. Akiwa na bahati ya kufika msimu wa maembe mwonjesheni ngowe, refu na la manjano, maana akienda kununua embe Ulaya hatalipata hilo.

Na akiuliza kwa nini leo samaki ni wachache, mjibuni kweli. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, wavuvi wengi hubaki ndani kwenye mikondo na mikoko, bei hupanda. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka, mambo hulainika. Lakini mwambieni pia kwamba wavuvi wetu wamepoteza maji waliyokuwa wakivua tangu kazi ya bandari mpya ianze upande wa bara. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara hiyo, na gati ya kwanza ya bandari ikafunguliwa Mei 2021. Samaki aliye kwenye sahani ya mgeni amepita katika habari hiyo. Si lazima mgeni aharibiwe hamu yake ya kula, lakini mtu mzima anayelipa shilingi nyingi kwa kamba-koche ana haki ya kujua mvuvi wake amekwenda mbali kiasi gani.

Jua likishapanda, ondokeni pwani kabisa. Huu ndio wakati wa Mkomani.

Mimi nimezaliwa Langoni, na Walangoni na Wamkomani tuna utani wetu wa tangu zamani, lakini katika saa za joto nakiri mbele ya wote kwamba Mkomani ni peponi. Njia zake ni nyembamba, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene na ndefu, jua halifiki chini ila kwa kitambo kidogo. Upepo wa bahari huingia kwa chini na kupanda nao mlima. Mgeni akipita chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, asimamishwe hapo dakika mbili bila kuambiwa lolote. Mwili wake wenyewe utamweleza kwa nini wazee walijenga hivi.

Naomba hapa msiwajaze wageni tarehe. Nawasikia mkizikariri mkipita: mwaka huu msikiti huu, mwaka ule mlango ule. Tarehe chache zinatosha. Msikiti wa Pwani hutajwa kuwa wa mwaka 1370, na hilo linamwonyesha mgeni kwamba watu wamekuwa wakiswali na kula samaki hapa kwa zaidi ya miaka 600. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji mkongwe katika Urithi wa Dunia, na sababu kubwa ni kwamba nyumba hizi hazikugeuka magofu: watu bado wanazaliwa, wanaoana na kupika ndani yake. Baada ya hayo nyamazeni, mwacheni aangalie milango. Mwonyesheni fremu ya mlango mmoja tu kwa utulivu, nguzo ya katikati, maua yaliyochongwa kwa patasi, jinsi mti ulivyokolea weusi pale mikono inapoushika kila siku. Mlango mmoja ukitazamwa vizuri unamtosha mtu kuliko ishirini iliyopitwa mbio.

Na mwonyesheni daka. Pale mbele ya mlango, viti vya mawe viwili vinavyotazamana, chini ya kivuli. Daka ni la mwenye nyumba, ingawa liko nje. Msimketishe mgeni hapo kama benchi la bustani. Piteni, toeni salamu, mkikaribishwa kaeni. Anayepita ndiye humsalimia aliyeketi, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na mgeni hata kama si Mwislamu hufurahi akifundishwa kusema "Assalamu alaykum" na kuona nyuso zinavyofunguka. Nimewaona wageni waliopita njia nzima wakiogopwa na watoto, wakajifunza salamu hiyo moja, na wakarudi kwa njia ile ile wakiitwa kwa majina.

Baada ya adhuhuri kuna chakula cha mchana, na nitasema kifupi kwa sababu chakula kizuri cha mchana kiko majumbani. Hoteli ndogo za Usita wa Mui, njia kuu ya mji, zile zenye meza tatu na sinki la kunawia mikono mlangoni, zina wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na Ijumaa baada ya swala zina biriani. Nendeni mapema, sufuria ni moja. Mgeni ale kwa mkono akipenda. Akimaliza mwambieni kwamba mji unalala, naye akalale. Kumtembeza mtu saa nane mchana ni kumwonea.

Alasiri mji huamka tena, na hapa nataka nikae kidogo.

Mkishaswali laasiri, mpeni mgeni kitu baridi: maji ya ukwaju, maji ya ndimu, au dafu. Dafu linywewe pale pale linapokatwa, kisha muuzaji alipasue, amkatie kijiko cha ganda lake mwenyewe ale ile nyama laini. Halafu mleteni hapa nje, Mkunguni. Chini ya miti hii, mbele ya lango la Ngome, wazee hukaa kila jioni, na hapa habari za mji mzima hupita: nani amerudi kutoka Bara Arabu, jahazi la nani linatengenezwa Matondoni, bei ya saruji imefika wapi, nani anaoa. Muuza kahawa huja na dele lake la shaba, makaa chini yake, vikombe vidogo vikigongana mkononi. Mlio huo wa vikombe ndio tangazo lake. Kahawa ni tungu, ina tangawizi, haitiwi sukari. Utamu hutoka kando: kipande cha halua, kashata au tende. Mgeni aume kidogo, anywe kidogo. Akiagiza maziwa mkatalieni kwa upole.

Kahawa hiyo ni ya mtu aliyeketi. Vijana, msimnunulie mgeni kikombe kimoja mkasimama kando mnamsubiri amalize mumpeleke kwingine. Ketini naye. Mwacheni mzee aliye jirani yake aulize anatoka wapi, ana watoto wangapi, kwao kunalimwa nini. Nyinyi kazi yenu hapo ni kutafsiri na kunyamaza. Saa nzima ikipita hivyo, kazi mmeifanya.

Mimi ni mwanamke, Mkunguni siketi kunywa kahawa, na hakuna aliyenikataza. Sisi tuna alasiri yetu. Iko ndani, nyuma ya tekani, kile kibaraza cha ndani ya mlango, kiwandani, yaani uani, ambapo jua la jioni huingia kwa juu. Hapo kuna chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini, vibibi vya moto, kaimati zilizotiwa shira, na mtu anayepakwa hina miguuni akiwa amenyoosha miguu juu ya mkeka. Hapo ndipo hupangwa harusi na kusuluhishwa ugomvi. Mgeni wa kiume hawezi kufika huko. Mgeni wa kike anaweza, akiwa na mtu wa kumwingiza, na mtu huyo lazima awe mwanamke.

Nimehesabu kwa macho, katika ukumbi huu wasichana ni wachache mno. Nawaambia wazazi waliopo: wageni wengi wanaokuja Lamu ni wanawake, wengine huja peke yao, na nusu ya mji huu, kwa maana ya nusu ya chakula chake na mazungumzo yake, imefungwa kwao kwa sababu hatukuwafundisha binti zetu kazi hii. Binti akiongoza wageni wanawake mchana, akiwapeleka kwa shangazi zake na mama zake wadogo kupika, kupakwa hina na kunywa chai, heshima yake haipungui hata chembe. Na fedha inaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Mimi niko tayari kumfundisha yeyote atakayekuja, na jiko langu liwe darasa.

Usiku, baada ya isha, mji hutoka nje. Hapo hamnihitaji, mnajua wenyewe vijana: viazi vya karai na chatne ya ukwaju, bajia, mishikaki inayogeuzwa juu ya makaa, supu ya pweza kwa wanaoiamini. Mgeni asiletewe kwenye sahani ya hoteli, aende mwenyewe kwenye makaa aone. Ninalotaka kuongeza ni samaki wa kupaka. Huyu akipikwa na mtu mwenye haraka huwa ni samaki wa kuchoma aliyemwagiwa mchuzi. Anayejua humchoma kwanza mpaka ngozi ikauke, kisha humpaka tui zito lililokwisha kupikwa na kitunguu thomu, bizari, pilipili na ukwaju, humrudisha motoni, humpaka tena, humgeuza, humpaka tena. Tui hushika juu yake tabaka kwa tabaka. Mkimwagiza mpishi samaki huyo, mwagizeni tangu alasiri, mumpe nafasi.

Sasa Shela. Najua kila mgeni hupelekwa Shela, na wengi hupelekwa kwa boti wakaogelee. Mpelekeni kwa miguu. Ni kama kilomita tatu kwa ufuo, na lazima mjue maji: yakijaa, mahali pengine njia humezwa na bahari, mtarudi mkiwa mmelowa mpaka magotini na mgeni amebeba kamera. Tokeni maji yakiwa yanatoka. Njiani mko na mikoko ya Manda ng'ambo, mafundi wanaokarabati mashua, watoto wanaopiga mbizi.

Mkifika kwenye vilima vya mchanga nyuma ya Shela, simameni mumweleze mgeni jambo ambalo hata sisi tunalisahau. Maji tunayokunywa mjini yanatoka hapo. Mvua hunyesha juu ya mchanga ule, hunywea chini, na maji matamu hubaki yamelala juu ya maji ya chumvi. Visima vya Shela ndivyo vinavyolisha mji. Chai aliyokunywa asubuhi, kahawa ya Mkunguni, mbaazi za Langoni, zote zimepikwa kwa maji ya vilima hivyo. Kila anayetaka kujenga nyumba ya starehe juu ya mchanga huo anajenga juu ya mtungi wetu wa pekee, na mgeni anayetafuta kiwanja cha kununua, maana wapo, ni vizuri alisikie hilo kutoka kwenu mapema kabla hajalisikia kwa dalali.

Pwani hiyo hiyo, karibu mwaka 1812, watu wa kisiwa cha Pate pamoja na Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, waliteremka na jeshi lao, na Waamu wakawashinda. Baada ya vita hivyo wazee wetu wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na Ngome hii tuliyoketi ndani yake ikakamilika mwaka 1821. Baadaye ikawa gereza mpaka mwaka 1984. Hadithi hiyo ni nzuri zaidi ikisimuliwa mchangani, mguu ukizama, kuliko kusomwa ubaoni.

Kuna nyakati mbili ambapo haya yote hubadilika. Ramadhani mchana mgeni asipewe chakula njiani, hata kama yeye hafungi. Aje alasiri, aone njia zinavyojaa masinia ya kufuturia, na akae nasi adhana ikilia. Na Maulidi, katika Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, Msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Swaleh hujaza mji watu kutoka pwani nzima na nje ya nchi. Siku hizo Langoni hupika kwa masufuria ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake. Mgeni akija wakati huo hatalala usingizi, na akiwa ni mtu wa watu atakumbuka mpaka uzeeni.

Nimebakiwa na maombi matatu, nayo ni ya uchungu.

La kwanza ni kamisheni. Najua mnalipwa na baadhi ya hoteli kwa kila mgeni mnayempeleka. Mna familia, siwalaumu kwa kutaka riziki. Lakini mama anayepika mahamri mlangoni hana cha kukupa zaidi ya hamri moja na dua, na kwa sababu hiyo mgeni hafikishwi kwake hata siku moja. Mlipisheni mgeni ujira wenu wazi wazi, mwanzo wa safari, kwa bei mliyokubaliana, halafu mpelekeni panapostahili. Mgeni anayejua ameshalipa kazi yako huwa mkarimu mbele ya safari, na macho yake hayakuangalii kwa shaka kila ukisimama dukani.

La pili ni picha. Mwanamke aliyeketi mlangoni pake na sinia lake si mandhari. Mgeni aulize kwanza, na wewe uulize kwa niaba yake kwa lugha yetu, na jibu likiwa hapana liwe hapana. Wapo mama wa mtaa wangu walioacha kupikia nje kwa sababu ya kamera. Kila mmoja wao aliyefunga mlango ametupunguzia asubuhi yetu.

La tatu ni pikipiki. Njia hizi zilipimwa kwa punda na kwa watu wawili wanaopishana. Pikipiki zinazopenya mitaani zinawasukuma watoto ukutani na wazee madakani, na mgeni aliyekuja kutembea hawezi kutembea. Punda wetu wana hospitali yao pwani tangu mwaka 1987, wanatibiwa bure; punda mwenye afya anafikisha mzigo popote ndani ya mji huu. Nyinyi mkikataa kumpakia mgeni kwenye pikipiki ndani ya mji mkongwe, wenye pikipiki watakosa abiria mitaani na watabaki barabara za nyuma, ambako wana kazi ya haki ya kufanya.

Haya, nimesema mengi na maghrib inakaribia. Jumamosi, watu wakitoka msikitini alfajiri, nitakuwa nimesimama penye njia ya kuingilia Langoni kutokea sokoni. Tutapita milango niijuayo, mtasalimia, mtaonja, mtaandika majina ya mitaa na saa ambazo kila sinia hufunguliwa na kwisha. Kisha tutapanda Mkomani kabla jua halijakolea. Wasichana watakaokuja watabaki nami mpaka alasiri. Kila mmoja aje na bakuli lake na pesa zake ndogo ndogo, kwa sababu mama wa milangoni hawana chenji ya noti ya elfu moja saa kumi na mbili asubuhi.